"Nitalikomboa": karatasi ya shamba inasema nini hasa?

Wa alaykum salaam dada yangu, na pole sana kwa msiba wa mzee. Nimeusoma ujumbe wako wote mpaka mwisho na ile karatasi uliyoipiga picha nimeikuza nikaisoma neno kwa neno, kwa hiyo ntajibu kwa urefu kidogo, vumilia.

Kwa wengine watakaosoma, swali lenyewe ni hili. Dada yuko Muheza, Tanga. Mwaka 2016 baba yake alikwama akachukua laki sita kwa jirani, wakaandikishana mbele ya mashahidi wawili na balozi wa nyumba kumi: "Nimepokea shilingi laki sita, ashike shamba langu la michungwa, nikipata pesa nitalikomboa." Mzee amefariki, pesa haijarudishwa, jirani anavuna michungwa mpaka leo. Sasa watoto wanataka kurudisha hela wapewe shamba, jirani anasema yeye alinunua, mkitaka mje mnunue tena kwa bei ya sasa. Baba mdogo anayeishi Thika, Kenya, yeye anasema kukomboa maana yake ni kukodi, kwa hiyo jirani alikuwa mpangaji tu na michungwa yote aliyovuna ailipe. Na wajomba wanamwambia dada kwamba hata kama linakomboleka, mtoto wa kike hakomboi shamba la ukoo. Anauliza neno komboa maana yake ni ipi, na yeye ana haki au hana.

Nianze na neno maana ndio mzizi wa ugomvi wenu wote.

Kukomboa ni kulipa ili kitu chako kirudi mikononi mwako. Hapo neno zito ni "chako". Angalia watu wanavyolitumia kila siku bila hata kufikiria. Kijana kaishiwa, kaweka simu bondi kwa muuza duka kwa elfu ishirini, mwisho wa mwezi anaenda kuikomboa, hakuna mtu atakayesema anaenda kuinunua simu yake. Gari umelinunua Japani, umelipia, limeshuka bandari ya Dar, bado huwezi kuligusa mpaka ulipe ushuru na gharama za bandari, hiyo tunaita kugomboa gari, na mawakala wa forodha kazi yao wanaiita ugomboaji. Gomboa na komboa ni neno moja limegawana kazi tu, G imebaki zaidi kwenye mizigo. Ndugu kafia hospitali na bili ipo, familia inachangishana kwenda kukomboa mwili. Mateka anakombolewa. Kote humo kitu au mtu ni wa kwenu tangu mwanzo, ila kuna mwingine amekishikilia na ana sababu ya kukishikilia, ukimaliza hiyo sababu anaachia. Huwezi kukomboa kitu ambacho hakijawahi kuwa chako, na huwezi kukomboa kitu ulichokwisha kukiuza moja kwa moja ukala pesa yako mkaagana.

Ndio maana neno hilohilo lilibebeka vizuri kwenye siasa. OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, ilipoanzisha Kamati ya Ukombozi mwaka 1963 na makao yake yakawa Dar es Salaam, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwanini ni ukombozi, nchi ni ya wenyewe, mtu mwingine kaikalia. Wakristo wanamwita Yesu Mkombozi kwa mantiki hiyohiyo, na kile kinachotolewa kinaitwa fidia.

Sasa kununua tena ni kitu kingine kabisa, na hapa mpira unaeleza vizuri kuliko vitabu. Nemanja Matić aliondoka Chelsea 2011 akaenda Benfica, Januari 2014 Chelsea wakamrudisha kwa pauni milioni 21. Walikuwa wameshamwachia, hawakuwa na haki yoyote juu yake, wakaingia sokoni kama mteja mwingine yeyote, Benfica wangekataa basi. Huko ndiko kununua tena. Lakini Álvaro Morata alipouzwa na Real Madrid kwenda Juventus 2014, ndani ya mkataba kulikuwa na kipengele cha Madrid kumrudisha, na 2016 wakakitumia wakalipa euro milioni 30, Juventus hawakuwa na la kusema. Huyo aliuzwa kweli, alikuwa mali ya Juventus kweli, ila muuzaji alibakiza mlango. Kwa hiyo kuna vitu vitatu: rehani inayokombolewa, mauzo yenye kipengele cha kurudisha, na mauzo ya moja kwa moja ambayo ukitaka tena unanunua upya kwa bei anayotaka mwenye mali. Jirani yako anataka wewe uwe Chelsea. Karatasi ya mzee inakuweka mahali pengine, ntakuonyesha.

Kabla ya hapo nimmalize baba mdogo wa Thika, maana na yeye hadanganyi. Kenya, hasa huko kati, watu wanasema kweli nyumba ya kukomboa, shamba la kukomboa, wakimaanisha la kukodi. Kikuyu kina neno linalosikika karibu sawa lenye maana ya kukodi, na Kiswahili cha pale kikalichukua, mtu akikaa Thika miaka mingi hiyo ndiyo maana inayomjia kwanza kichwani. Ila karatasi husomwa kwa Kiswahili cha walioiandika na mahali ilipoandikwa. Mzee aliandika Muheza, kwa mtu wa Muheza, na Tanga hakuna anayesema nakomboa chumba mtaa wa pili akimaanisha anapanga. Halafu angalia nani anakomboa kwenye sentensi: "nitalikomboa", mimi, mwenye shamba. Mwenye shamba hawezi kulikodi shamba lake mwenyewe. Kwa hiyo hoja ya upangaji naomba muiache kabisa, msiipeleke popote, mkiipeleka mtaonekana hamjui hata mnachodai na mtaharibu hoja nzuri mliyonayo. Wakati huohuo nawaonya wanaofanya biashara ya ardhi pande zote mbili za mpaka, Taveta na Holili, Namanga, Lunga Lunga, ukiona neno komboa kwenye mkataba muulize mwenzio anamaanisha kodi au rehani, na jibu liandikwe humohumo.

Turudi kwenye karatasi. Maneno yanayonipa uhakika ni mawili, komboa lenyewe na "ashike". Hakuandika "nimemuuzia", hakuandika "achukue", kaandika ashike. Kushika ndio kazi ya mwenye kupokea rehani, anashika mpaka deni liishe. Ukiyaweka pamoja, mzee anasema hivi: shamba ni langu, lishikilie kwa ajili ya pesa yako, nikikulipa liachie.

Ila nikwambie ukweli, neno peke yake halimalizi kesi. Watu wanaandika "nimeuza" wakati wameweka rehani na wengine wanaandika rehani wakati wameuza, na pwani yetu hii hilo lina historia ndefu. Unguja na Pemba enzi za mashamba makubwa ya karafuu kulikuwa na kitu kinaitwa bei khiyari. Kwenye karatasi inaandikwa fulani kamuuzia fulani shamba kwa bei kadhaa, akirudisha pesa ndani ya muda uliotajwa shamba linarudi, halafu muuzaji mwenyewe anaendelea kukaa humohumo na kulima na kumlipa "mnunuzi" kodi kila mwaka. Kwanini wazunguke hivyo, kwasababu riba ni haramu, sasa faida ya mkopeshaji ikavaa nguo ya kodi. Hadhramaut, Yemen, walikuwa na jamaa yake anaitwa bei ya uhda, Oman nao wanaijua vizuri khiyari. Kwa sura ni mauzo, kwa ndani ni mkopo, na mashamba mengi yalikwenda kwa njia hiyo mpaka serikali ya kikoloni Zanzibar ikaingia kati kwa sheria za ardhi na ukopeshaji mwaka 1934. Kwa hiyo mahakama na hata wazee wenye busara huangalia vitu vingine nje ya neno.

Kwanza bei. Shamba la michungwa inayozaa, mwaka 2016, laki sita? Wewe ndio unajua ukubwa, lakini tafuta watu wawili watatu waliouziana mashamba jirani mwaka huo, uulize eka ilikuwa inakwenda ngapi. Kama bei ya kweli ilikuwa milioni tatu au nne basi ile laki sita inajieleza yenyewe, hakuna mtu mwenye akili timamu anauza kwa chini ya robo ya bei, ila watu wanakopa kwa chini ya robo ya thamani kila siku. Hiki ndio kipimo kizito kuliko vyote, usikidharau. Pili mwenendo wa miaka ya katikati, jirani alishawahi kumkumbusha mzee deni? Alishawahi kuomba ruhusa kukata mti au kujenga kibanda? Mwenye mali haombi ruhusa na hadai pesa ya kitu alichonunua. Tafuta meseji za zamani kwenye simu ya mzee, kama laini bado ipo msiitupe.

Tatu ni kijiji. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kumhamishia mtu haki ya kimila kunataka kibali cha halmashauri ya kijiji. Kama kweli ilikuwa mauzo basi kiko wapi kibali, kiko wapi kikao, nani aligonga muhuri? Balozi peke yake hatoshi kwa mauzo. Kwa hiyo jirani akisema alinunua anajifunga mwenyewe, maana mauzo yasiyo na kibali yana shida kubwa kisheria. Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji ukaombe kuangalia kumbukumbu za mwaka ule, taratibu na kwa heshima, usiende na kelele.

Kwa upande wa sheria ya rehani yenyewe, msimamo wa Tanzania uko wazi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema rehani ni dhamana tu, haihamishi miliki kwenda kwa anayekopesha. Inatambua pia rehani isiyo rasmi ya maandishi yaliyoshuhudiwa, na rehani ya kimila inaachwa ifuate mila za mahali. Kenya nao kwenye Sheria ya Ardhi ya 2012 wameweka msimamo huohuo wa dhamana tu. Ina maana kwamba kuchelewa kulipa hakugeuzi shamba likawa la mkopeshaji lenyewe kwa lenyewe, awe amesubiri miezi mitano au miaka mitano. Na hili sio la Wazungu tu kama wengi wanavyodhani. Kwenye fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kuna hadithi mashuhuri, lā yaghlaqu r-rahn, rehani haifungiki ikampotea mwenyewe. Zama za ujahili ilikuwa ukipitisha siku ya kulipa tu kitu kinakuwa cha mkopeshaji, Uislamu ukaja ukakataa. Kwa kuwa ninyi na jirani wote mnaswali msikiti mmoja kama ulivyosema, mkumbusheni hilo kupitia imamu, saa nyingine linafanya kazi haraka kuliko wito wa baraza.

Hapohapo kuna jambo la michungwa aliyovuna miaka yote. Msikimbilie kumdai kila chungwa. Kwa mila za pwani, minazi au miti ikiwekwa rehani mara nyingi anayeshika ndiye anayevuna mpaka alipwe, watu wamezoea hivyo na mzee alimwona anavuna akakubali. Masheikh wengi wataona humo kuna riba, kwasababu yeye kakopesha laki sita na laki sita yake inarudi kamili juu ya mavuno, na mimi naona wana hoja. Lakini ukilileta kama silaha ya kwanza jirani atakaza. Liweke kama la mazungumzo, na yeye akianza kudai thamani ya pesa imeshuka, anataka nyongeza, mavuno ya miaka yote hiyo ndio jibu lako.

Sasa la wajomba, ambalo kwa kweli ndio limeniuma kuliko yote. Wanasema mtoto wa kike hakomboi. Kuna kesi maarufu ya kutoka Bukoba, iliamuliwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Mwanamke alirithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, mwanaukoo wa kiume akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema sheria ya mila inayombagua mwanamke hivyo inapingana na Katiba na mikataba ya haki za binadamu ambayo nchi imeridhia, mwanamke na mwanamume sawa. Halafu, na hapa ndio panatuhusu, mila ya Kihaya ya kukomboa hakuifuta. Kule ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ukoo kuridhia, mwanaukoo anaweza kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa akalichukua shamba. Jaji akasema haki hiyo sasa ni ya wanaume na wanawake vilevile. Kwa hiyo wajomba wakikwambia mwanamke hakomboi waambie hilo lilishajibiwa na Mahakama Kuu miaka mingi iliyopita.

Angalia pia kwamba huyo mwanaukoo wa Bukoba anakomboa kitu ambacho sio yeye aliyekiuza. Biblia inalo hilohilo kwenye Mambo ya Walawi 25, ndugu akifilisika akauza urithi wake jamaa wa karibu anakuja kukomboa, na kitabu cha Ruthu chote kinazunguka kwenye mtu wa namna hiyo. Anayekomboa anaweza kuwa mtu wa ubavuni. Kwako ni rahisi zaidi, wewe ni mrithi wa mzee, deni lake na haki yake ya kukomboa vyote vimeingia kwenye mirathi, mtoto wa kike ndani na mtoto wa kiume ndani.

Lakini huwezi kwenda kwa jirani kama wewe binafsi ukakomboa kwa jina lako, utawapa wajomba na ndugu zako sababu ya kukuchukia na jirani sababu ya kukataa. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mteue msimamizi wa mirathi, anaweza kuwa wewe, mwende Mahakama ya Mwanzo mpate barua ya usimamizi. Msimamizi ndiye anayelipa, na shamba likirudi linarudi kwenye mirathi ndio ligawiwe. Kama laki sita umetoa wewe mfukoni iandikwe kwenye muhtasari kwamba mirathi inadaiwa na wewe, isije ikaonekana umejitolea au, kibaya zaidi, umenunua.

Na mkimwandikia jirani barua, neno lenu liwe kukomboa mwanzo mpaka mwisho. Msiandike "tunaomba kulinunua tena shamba", hata kwa adabu, hata kwa kumbembeleza. Sentensi hiyo moja ukiiandika umekubali kwamba aliuziwa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndio lugha ya mahakama Tanzania, kwa hiyo barua yako itasomwa vilevile ulivyoiandika. Andikeni hivi: "Sisi warithi wa marehemu tuko tayari kurudisha shilingi laki sita alizopokea mwaka 2016, ili kukomboa shamba aliloweka rehani kwako kwa maandishi ya tarehe fulani." Basi, hakuna haja ya maneno mengi.

Akikataa, mnaanzia Baraza la Kata, ambalo kwa sasa kazi yake ni kusuluhisha tu, haliamui, na likishindwa linatoa hati mnaingia nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msikae sana, madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12 na jirani wa aina hii anaweza kuwa anahesabu. Kabla ya kuingia Wilayani tafuteni wakili au hata shirika la msaada wa kisheria aione karatasi yenyewe, mimi nimeona picha tu na kona ya chini imekatika, pale penye sahihi ya shahidi wa pili. Mashahidi wote wawili kama wako hai nendeni mkawasikilize sasa hivi, na yule balozi pia, muwaulize swali moja tu bila kuwatajia neno lolote: siku ile mzee na jirani walikubaliana nini? Waandike kwa mkono wao na waweke tarehe.

Akikubali, pesa ipite benki au kwenye simu ili ibaki kumbukumbu, au kama anataka mkononi basi mbele ya mtendaji, na siku hiyohiyo apokee laki sita, asaini kwamba rehani imekombolewa na hana dai lolote juu ya shamba, na ile karatasi ya 2016 aliyonayo yeye airudishe. Hiyo ya kwake msimuachie, hata akisema ataichana mwenyewe.